Kwa nini Lucia alitia saini?

Msomaji ameniandikia: "Mwalimu, shikamoo. Niliangalia opera ya Lucia di Lammermoor kwenye simu, ikiwa na maandishi chini. Muziki ulinishika, ila Lucia mwenyewe alinikera. Ameapa na Edgardo, wamevishana pete, kisha anatia saini kuolewa na Arturo. Usiku huohuo anamuua Arturo, mtu ambaye hakumkosea chochote. Si angekataa tu? Na kama ni kuua, si angemuua kaka yake aliyemlazimisha? Halafu yeye akishaondoka jukwaani, tunabaki tukimsikiliza mwanamume makaburini muda wote ule. Nisaidie kuelewa."

Marahaba, dada. Kabla sijajibu, jaribu kukumbuka: katika toleo uliloliona, kuna mahali ambapo mchungaji Raimondo anabaki peke yake na Lucia katika tendo la pili, kabla wageni wa harusi hawajaingia? Kama hukumbuki, basi yaelekea halikuwamo. Kwa miaka mingi majumba ya opera yalizoea kulikata onyesho hilo ili watu wawahi kurudi nyumbani. Likikatwa, Lucia anageuka msichana legelege ambaye kaka yake anamfokea mara moja tu, naye akakubali. Likibaki, unaona milango ikifungwa mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho unafungwa na mtu aliyemlea. Mimi nalihesabu kuwa ndilo onyesho linalomuua, ingawa hakuna anayeshika silaha.

Turudi nyuma kidogo. Gaetano Donizetti alitunga muziki huu mwaka 1835, na ukaimbwa kwa mara ya kwanza tarehe 26 Septemba mwaka huo katika ukumbi wa San Carlo, Napoli. Maneno yaliandikwa na Salvadore Cammarano, aliyeyatoa katika riwaya ya Walter Scott iliyochapishwa mwaka 1819. Cammarano aliigawa kazi yake katika sehemu mbili na kila moja akaipa jina. Ya kwanza, fupi, ambayo leo huitwa tendo la kwanza, aliiita "Kuondoka". Ya pili, yenye matendo mawili (leo tunayaita la pili na la tatu) na damu yote, aliiita "Mkataba wa Ndoa". Kwa hiyo swali lako kuhusu saini limegusa penyewe hasa.

Mahali ni Uskoti, katika ngome ya Ravenswood, mwishoni mwa karne ya 16 kama libreto, yaani maneno ya opera, inavyosema. (Usiitegemee historia yake. Humo Enrico analalamika kwamba Guglielmo amekufa na Maria anapanda kiti cha enzi, na hakuna mpangilio wa wafalme wa karne ile unaokubali maneno hayo. Watazamaji wa Napoli walitaka ukungu, magofu na mizuka ya kaskazini, tarehe hazikuwashughulisha.) Ukoo wa Ashton umewapora akina Ravenswood mali na ngome. Edgardo ndiye Ravenswood wa mwisho. Kilichobaki mikononi mwake ni mnara uliobomoka kando ya bahari, makaburi ya wazee wake, na kiapo cha kulipiza kisasi alichokula juu ya kaburi la baba yake.

Enrico Ashton, kaka yake Lucia, ndiye bwana wa nyumba. Wazazi wamekufa, na mama ndiye aliyefariki karibuni. Lucia bado yumo katika majonzi. Msomaji wa pwani hatahitaji kuelezwa maana ya kaka kusimama mahali pa baba katika ndoa ya dada yake. Enrico amechagua upande ulioshindwa katika siasa na anaiona shingo yake mwenyewe ikielekea kwenye shoka. Lord Arturo Bucklaw ana nguvu ya kumwokoa, na njia ya kumfikia Arturo ni Lucia. Mkuu wa walinzi, Normanno, ndiye anayemletea bwana wake habari mbaya: fahali mwenye hasira alimrukia Lucia alipokuwa akienda kwenye kaburi la mama yake, risasi ikasikika, fahali akaanguka. Aliyefyatua alikuwa Edgardo. Tangu siku hiyo wanaonana kila alfajiri.

Onyesho la pili liko kwenye chemchemi ndani ya bustani ya ngome, na hapo ndipo wengi wanapopitwa na jambo. Kinubi kinapiga peke yake, Lucia anaingia na mwandani wake Alisa, na anaanza kusimulia mzuka. Zamani mwanamume wa ukoo wa Ravenswood, kwa wivu, alimchoma mpenzi wake pale pale, maiti ikaangukia majini. Lucia anasema amemwona huyo mwanamke, akamwona akisogeza midomo kama anayesema, kisha maji yakageuka damu. Alisa anamsihi aachane na mapenzi haya. Lucia anajibu kwa wimbo wa furaha tele kuhusu Edgardo, wenye vipande vya haraka vinavyopanda kwa wepesi kama ndege wa alfajiri. Watu hucheka: mtu gani anaona damu kisimani kisha anaimba kwa raha hivyo? Lakini ndivyo aria, yaani nyimbo za mwimbaji mmoja, za wakati ule zilivyojengwa. Kwanza sehemu ya polepole, kisha jambo linatokea au mtu anasema neno, kisha sehemu ya kasi ambayo huimbwa mara mbili, ya pili ikipambwa na mwimbaji mwenyewe. Donizetti anautumia mtindo huo kutuonyesha mtu ambaye hofu na furaha yake haziko mbalimbali hata kidogo. Tangu dakika zile za kwanza Lucia anaishi pamoja na mwanamke aliyeuawa na mpenzi wake. Wazimu wa tendo la tatu haukudondoka kutoka mbinguni.

Edgardo anafika. Anatumwa Ufaransa kwa shughuli za Uskoti, na kabla ya kuondoka anataka kwenda kwa Enrico, anyooshe mkono wa amani na kumposa Lucia waziwazi. Lucia ndiye anayekataa. Anamjua kaka yake. Anaomba jambo libaki siri. Edgardo anawaka, anakumbusha kiapo chake cha kisasi, kisha anapoa na kudai kiapo kingine: waoane pale pale, Mungu akiwa shahidi. Anamvisha pete, Lucia naye anamvisha yake. Wanaitana mume na mke. Halafu wanaimba wimbo wa kuagana ambao naomba uushike vizuri kichwani, kwa sababu utausikia tena mahali pabaya.

Sasa tufike kwenye tendo la pili, chumbani kwa Enrico. Wageni wameshaalikwa, Arturo yuko njiani, na bibi harusi bado hajakubali. Barua zote za Edgardo kutoka Ufaransa zimenaswa na Normanno. Badala yake imetengenezwa barua ya kughushi inayoonyesha kwamba Edgardo ana mwanamke mwingine. Enrico anampa dada yake aisome. Lucia anapoteza nguvu, na wakati huohuo shangwe na muziki wa kumpokea bwana harusi unasikika kutoka nje. Donizetti alikuwa hodari sana kwa jambo hili, kuupiga muziki wa sherehe ukutani mwa chumba ambamo mtu anavunjika.

Enrico anaongeza la pili. Usipoolewa, anamwambia, mimi nitakatwa kichwa, na mzuka wangu utakujia usingizini. Kumbuka anasema hivi kwa msichana ambaye tayari anaona mizuka! Lucia anamwomba Mungu amchukue. Bado hajasema ndiyo.

Hapo ndipo Raimondo anaingia. Ni mchungaji wa nyumba hii, mwalimu wa Lucia tangu utoto, na katika tendo la kwanza yeye ndiye pekee aliyemtetea: mwacheni, alisema, anamlilia mama yake. Lucia anamwamini. Raimondo anaeleza kwamba alishuku barua zinanaswa, kwa hiyo yeye mwenyewe alituma barua Ufaransa kwa mkono wa mtu wa kuaminika, na jibu halikuja. Kimya hicho, anasema, kinatosha kuonyesha kwamba Edgardo amegeuka. Lucia anauliza: na kiapo chetu je? Jibu la Raimondo ni baridi kama jiwe la kaburi. Viapo vya ndoa ambavyo mtumishi wa Mungu hakuvibariki, mbingu hazivitambui, wala dunia. Lucia anasema akili inashawishika ila moyo unakataa kusikia. Mchungaji anaendelea. Anamtaja mama yake marehemu. Anamtaka ajitoe mhanga kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake, na kumwahidi kwamba dhabihu hiyo itaandikwa mbinguni.

Angalia alichobaki nacho sasa. Mpenzi amemwacha, kwa ushahidi wa maandishi. Kaka atakufa kwa sababu yake. Mama anatikisika kaburini. Pete aliyovaa si ndoa, kwa kauli ya mtu ambaye kwake ndiye sauti ya Mungu. Ukiniuliza kwa nini hakukataa, nitakuuliza angekataa akisimama juu ya nini? Enrico alitumia hofu na uongo, na Lucia alivihimili vyote viwili. Raimondo alitumia upendo, tena kwa nia njema, naye ndiye aliyefanikiwa. Kwa tafsiri yangu huyo ndiye mhusika wa kutisha kuliko wote katika opera hii, na waimbaji wa besi (sauti nzito ya kiume) wenye kumwimba kwa upole mwingi, bila sura ya ubaya, ndio wanaomwelewa.

Ukumbini Arturo anapokewa kwa kwaya ya kumsifu. Lucia anaingizwa, ameegemea watu. Mkataba unawekwa mbele yake, anatia saini, na kwa sauti ndogo anasema ameandika hukumu yake mwenyewe. Sekunde chache baadaye Edgardo anaingia kwa kishindo.

Kinachofuata ni sekstetti maarufu, watu sita wakiimba kwa pamoja huku kila mmoja akisema yake. Edgardo anajishangaa kwamba bado anampenda. Lucia anasema angependa kulia na machozi hayamtoki. Enrico, na hili husahaulika, anakiri moyoni kwamba huyu ni damu yake na amemsaliti. Hakuna anayemsikia mwenzake. Mambo yote yamesimama, panga ziko nusu nje ya ala, na wimbo unapanda taratibu kwa utulivu ambao hauna haki ya kuwepo. Wapo wanaosema huu ni urembo mtupu. Kwangu ni picha sahihi ya chumba ambamo balaa limeshaingia na hakuna aliyekwisha kupumua.

Nani anamwonyesha Edgardo mkataba? Raimondo. Edgardo anamuuliza Lucia neno moja, kama saini ile ni yake, naye anajibu ndiyo. Hamuulizi kwa nini. Anamrudishia pete yake, anadai ya kwake, anaikanyaga na kulaani saa aliyompenda. Kwa hiyo usimwonee huruma Edgardo peke yake. Siku moja ile Lucia amepewa hukumu na wanaume watatu, na yule aliyempenda ndiye aliyechukua muda mfupi kuliko wote.

Sasa kuhusu Arturo. Ni kweli hakumkosea. Mtunzi amempa maneno machache kiasi kwamba hatumjui kabisa. Nadhani ndiyo sababu anakufa yeye. Lucia hakupanga kisasi, na mauaji yenyewe hatuyaoni. Tunaona karamu, kwaya ikiimba kwa furaha, kisha Raimondo anaingia na kuwanyamazisha. Anasimulia kwamba alisikia mlio kutoka chumba cha maharusi, akakimbia, akamkuta Arturo sakafuni katika damu, na Lucia ameshika upanga wa marehemu. Lucia alimtazama akatabasamu, akauliza: mume wangu yuko wapi?

Swali hilo ndilo jibu lako. Katika akili yake Lucia ana mume mmoja, yule wa chemchemini. Raimondo alimwambia ndoa ile haipo. Chumbani mle akili yake ilikataa. Mwanamume aliyekuja kudai haki ya mume alikuwa mgeni, na upanga ulikuwa karibu. Enrico angekuwaje mlengwa? Wala hakuwepo ngomeni saa ile. Alikuwa ameondoka usiku wa dhoruba kwenda kwenye mnara wa Edgardo, kumtaka wapigane alfajiri makaburini, na kumkejeli kwamba Lucia anapelekwa kitandani. Onyesho hilo la mnara nalo hukatwa mara nyingi, kwa hiyo si kosa lako kutolijua.

Kisha Lucia anaingia kwa wageni, na tunafika kwenye wimbo wa wazimu, unaochukua karibu robo saa au zaidi. Anasikia sauti ya Edgardo. Yuko chemchemini, mzuka unatokea kuwatenganisha. Halafu anaona madhabahu, ubani unafukizwa, mishumaa imewashwa, na mchungaji huyu hapa. Unaona? Anafungisha upya ndoa yake, safari hii akiwa na kile Raimondo alichosema kilipungua. Okestra inaleta vipande vya ule wimbo wa kuagana nilioomba uushike. Enrico anapoingia, Lucia anamdhani ni Edgardo, anaanza kujitetea kwake: ni kweli nilitia saini karatasi ile, ila nilikuwa mhanga wa kaka katili, na nilikupenda siku zote. Anamwambia hayo kaka mwenyewe. Kisu ulichotaka kimwendee Enrico, dada yangu, kinamwendea hapo.

Katika hati yake ya awali Donizetti aliandika sauti ya pili ya wimbo huu kwa harmonika ya kioo, ala ya mabakuli yanayozunguka na kuguswa kwa vidole vilivyolowa maji, yenye sauti isiyojulikana inatoka wapi. Baadaye akaihamishia filimbi, na ndiyo inayosikika kwingi, ingawa siku hizi wapo wanaorudisha kioo. Yale mashindano marefu ya soprano (sauti ya juu ya kike) na filimbi, yaani mwimbaji anapaa na filimbi inamfuata noti kwa noti, hayakuandikwa na Donizetti. Yaliongezwa mwishoni mwa karne ya 19, na ile noti ya juu kabisa ya kufungia ni desturi ya waimbaji. Tena Donizetti aliuandika wimbo katika ufunguo wa F, na desturi ikaushusha hadi ufunguo wa chini zaidi, E-flat, kwa sehemu kwa ajili ya noti hiyohiyo. Sina ugomvi na mapambo yakiimbwa na mtu anayejua anaimba kuhusu nini. Yakigeuka sarakasi, Lucia anapotea tunabaki na koo.

Kabla hatujaliacha onyesho hili, sikiliza Raimondo anamgeukia nani. Anamlaumu Normanno: wewe mchongezi, damu hii ni juu yako. Normanno ana hatia, hilo halina mjadala. Lakini mchungaji yule hatajwi kokote kujitia hesabuni, na muziki haumsuti.

Kuhusu makaburi. Edgardo amekuja kumsubiri Enrico wapigane, na Enrico hatokei. Analia kwa uchungu kwamba Lucia sasa hivi anacheka kando ya mumewe, na kumwomba hata asipite karibu na kaburi lake. Sisi tunajua Lucia yuko wapi, yeye hajui, na hapo ndipo mateso ya onyesho yalipo. Watu wanakuja kutoka ngomeni wakimwambia Lucia yuko mahututi, anataka kukimbia kwake, kengele inalia, na Raimondo (tena yeye) anamjulisha kwamba hayupo duniani. Edgardo anajichoma. Ubeti wa kwanza wa wimbo wake wa mwisho anauimba mzima. Wa pili selo ndiyo inayoubeba, naye anachangia maneno yaliyokatika, kwa kuwa pumzi imekwisha. Sehemu hii ilitungwa kwa ajili ya Gilbert Duprez, tenori (mwimbaji wa sauti ya juu ya kiume) aliyekuja kuitikisa Paris miaka miwili baadaye. Kwa desturi za wakati ule soprano ndiye angefunga usiku. Donizetti alimpa tenori, na nadhani alifanya sawa: mtu aliyehukumu kwa kutazama saini tu alistahili kubaki hai muda wa kutosha ajue.

Wapo wanaouliza pia kama kisa ni cha kweli. Kiini chake ndicho. Mwaka 1669 huko Uskoti, Janet Dalrymple, binti wa mwanasheria mkubwa James Dalrymple, aliolewa na David Dunbar wa Baldoon baada ya kulazimishwa kumwacha Lord Rutherford aliyekuwa ameapa naye. Alifariki wiki chache tu baada ya harusi. Masimulizi ya bwana harusi kukutwa na majeraha usiku ule yana sura nyingi na yanapingana, lakini Dunbar aliishi miaka kadhaa zaidi. Scott anaeleza kwamba mama wa Janet ndiye aliyembana, na alimsomea kitabu cha Hesabu katika Biblia, sura ya 30, pale inaposemwa kwamba nadhiri ya binti aliye nyumbani kwa baba yake inaweza kubatilishwa na baba. Katika riwaya mama yuko hai na ndiye mkatili. Cammarano alimwondoa, ukali wake akampa kaka. Hoja yake ya kidini, kwa macho yangu, ilihamia kwa mchungaji.

Ukitaka kuiangalia au kuisikiliza tena, tafuta toleo ambalo halikukatwa. Rekodi ya Joan Sutherland na Luciano Pavarotti ya mwaka 1971 ina onyesho la Raimondo na lile la mnara. Ya Maria Callas ya mwaka 1953, chini ya Tullio Serafin, imekatwa sana, lakini msikilize anavyosema "ndiyo" Edgardo anapomuuliza kuhusu saini. Sauti ya Sutherland ni nzuri kuliko ya Callas, na kwa neno hilo moja mimi humwendea Callas.